Gitaa Ndani ya Eda

Madale,
Jumatatu, 8 Julai 2024

Chausiku,

Salamu nitakupa mwishoni, kama zitabaki.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yako anayo mama yangu mpaka utoke eda, na mama akipokea simu huweka spika, Charambe nzima ikajua nani kafanya nini. Barua anaileta mume wangu Jamali, anakuja huko Mbagala na Fuso lake la kokoto. Nimeifunga kwa gundi. Ukijibu nawe funga kwa gundi, Jamali ni mtu mwema lakini macho yake hayana adabu.

Chausiku, kuna mwanamume gani chumbani kwako?

Nauliza hivyohivyo, sina namna nyingine ya kuuliza. Ijumaa walifika hapa kwangu akina mama wawili waliokuja huko kukupa pole. Wanasema walikaa kibarazani wakimngoja mama amalize kuswali alasiri, wakasikia sauti ya mwanamume ndani kwako, inazungumza Kiingereza, inacheka. Halafu wakakusikia wewe unamjibu, "Ngoja kwanza nipumue, umenichosha." Wallahi nilishika ukuta. Mdogo wangu Badru hajamaliza hata miezi mitatu kaburini, mchanga wenyewe haujashikana, na mkewe anachoshwa na mwanamume wa Kiingereza!

Mie ndiye wifi yako mkubwa. Siku ya kutoka eda mie ndiye wa kukumwagia maji hapo uani mbele ya watu, kama shangazi alivyommwagia mama, na kama mie nitakavyomwagiwa Jamali akinitangulia. Unajua kwetu maana yake nini. Mjane asiyemwagiwa maji na mawifi zake, ukoo umesema huyu hakuwa mke, alikuwa mpangaji. Sasa niambie, hiyo kata ya maji nitaishika kwa mkono upi?

Nijibu upesi. Salamu hazikubaki.

Raudha Pazi


Charambe, Mbagala,
Alhamisi, 11 Julai 2024

Shikamoo wifi,

Mie nakupa salamu mwanzoni kabisa, usije ukasema mkamwana hana adabu.

Nimesoma barua yako nikacheka mpaka mama kaingia kuangalia kama nimepatwa na wazimu. Nisamehe. Tangu tumzike Badru sikuwa nimecheka hata mara moja, na aliyekuja kunichekesha ni wewe na mwanamume wako wa Kiingereza.

Huyo mwanamume hana mwili. Ni sauti ya mtangazaji wa kwenye gemu. Unaikumbuka ile miwani mikubwa myeusi ya Badru, aliyoinunua Kariakoo ikiwa imeshatumika, watu wakawa wanapanga foleni pale kwenye banda letu la gemu ili waivae? Ndiyo hiyo. Ukiivaa huoni tena chumba. Unaona jukwaa, taa, na watu mbele yako mpaka mwisho wa macho. Mikononi unashika rimoti mbili. Moja inakuwa shingo ya gitaa, nyingine ndiyo mkono wa kupigia nyuzi. Vidonge vya rangi vinakuja mbio kutoka mbali, kila kimoja kwenye uzi wake, na lazima ukigonge pale pale kinapofika. Ukipatia, watu wanainua mikono juu. Ukikosea, wanakuzomea. Wimbo ukiisha yule jamaa anauliza kama nataka mwingine, nami namjibu. Ndiyo hayo waliyoyabeba wambeya wako mpaka Madale.

Marehemu mdogo wako, Mungu amrehemu, alikuwa mbovu wa hiyo gemu. Wimbo wa tatu hakuwahi kuumaliza bila kuzomewa. Mie nilikuwaga namfunga mbele ya wateja wake mwenyewe, anasingizia rimoti. Miwani kaniletea Flaviana, yule jirani yetu wa Masasi anayetushikia banda. Nilimwomba mwenyewe, usimlaumu.

Sasa nisikilize, wifi. Eda naijua. Sijavuka kizingiti. Sijapaka wanja, sijajifukiza, dhahabu zangu anazo mama kafunga kwenye pindo la kanga. Kila siku wanakuja watu kukaa na mie, na wote wana neno lilelile: subira, Chausiku, subira, kazi ya Mungu haina makosa. Huku wanalitazama tumbo langu kwa kuibiaibia, kama Badru kaniachia kitu. Hakuniachia. Wakishaondoka nafunga mlango, navaa miwani, napiga gitaa. Kule hakuna anayeniambia subira.

Na siachi. Nakwambia mapema ili usije ukasikia kwa watu.

Wifi yako,
Chausiku


Madale,
Jumatano, 17 Julai 2024

Chausiku,

Marahaba.

Habari ya mwanamume nimekuamini. Jamali kanithibitishia. Kumbe alikuwaga anaingia kwenye banda lenu kila akishusha kokoto, na mie kwangu anasema alichelewa foleni ya sheli. Hayo nitamalizana naye.

Lakini wewe umeruka majivu umekanyaga moto. Mwanamume ningekuja nikamtoa kwa ufagio. Hiki sasa nikitoe na nini? Mwili uko kwenye mkeka, roho iko kwenye dansi mbele ya umati! Mama alipofiwa na baba, redio ilitolewa ndani ikapelekwa kwa jirani. Sie watoto tulikuwa tunatembea kwa kunyata. Mama alikaa amejiinamia mpaka shingo ikamkaa upande, na mpaka leo watu wanamtolea mfano. Wewe unapiga gitaa. Siyo kwamba unasikiliza, unapiga! Mie nafundisha akina mama wa madrasa hapa Madale. Wakiniuliza kuhusu wifi yangu niwaambie kuna sura gani ya magitaa?

Baba mdogo Mwishehe ameshazipata habari huko kwake Ukonga. Hakuzipata kwangu, naapa. Kasema ukoo hauwezi kuchezewa, na usipoachana na hicho kitu na kumwomba radhi, siku yako hakuna Pazi atakayekanyaga hapo uani. Unamjua baba mdogo. Akishasema kasema, na tangu baba afariki hatujawahi kumpinga.

Kwa hiyo nakuomba kwa heshima. Miwani mpe mama, mama ampe Jamali. Nitaifungia kabatini kwangu. Eda ikiisha nitakurudishia, ukapige mpaka vidole viote sugu, hakuna atakayekuuliza.

Na usinijibu kwa mzaha. Utani wa mawifi una siku zake.

Raudha


Charambe,
Jumatatu, 22 Julai 2024

Shikamoo wifi,

Pole kwa ya Jamali. Naye ni mbovu wa gemu, mwambie nimesema.

Miwani sitoi.

Sifanyi mzaha, nakueleza. Humu ndani siruhusiwi kulia kwa sauti. Nikipaza kidogo tu mtu anachungulia: nyamaza, unamtesa marehemu. Basi nikawa nameza. Nilimeza mpaka chakula kikakosa pa kupita. Siku ya kwanza nilipovaa ile miwani nilichotaka ni kutokiona kitanda, basi. Wimbo ukaanza, makelele matupu ya kizungu, ngoma zinapasua masikio, na mie nikaanza kulia. Nililia kwa koo langu lote, wifi, na wala sikujisikia. Mikono inapiga, machozi yanatiririka, na kidonge hata kimoja hakikunipita. Ile sponji inayogusa uso huwa inalowa mpaka naianika dirishani. Hao waliosikia Kiingereza, mbona kilio hawakukisikia?

Mama anajua tangu siku hiyo. Juzi kaniuliza, "Badru yumo humo?" Nikamwambia hayumo, mama. Akasema basi sawa, akarudi jikoni kugeuza samaki wake. Hajaniuliza tena.

Sasa hilo la baba mdogo. Naogopa, kwa nini nifiche? Nimekaa na Badru miaka kumi na moja bila mtoto, na watu wana midomo. Siku hiyo nikikaa uani na ndoo yangu ya maji na asitokee Pazi hata mmoja, watasema waliyokuwa wanayasema kwa kunong'ona, safari hii kwa sauti. Watasema nilikuwa hawara aliyekaa sana. Naitaka hiyo siku kuliko kitu chochote. Nakutaka wewe, na kata mkononi, watu wote waone.

Lakini siinunui kwa uongo. Nikikaa nimejiinamia ili shingo ipinde na watu wanisifu, nitakuwa namlilia baba mdogo, siyo Badru. Mwambie hivyo hivyo nilivyoandika. Asipokuja asije.

Chausiku


Charambe,
Jumatatu, 5 Agosti 2024

Raudha,

Leo shikamoo hakuna.

Umekuja Jumamosi, nikafurahi. Umekunywa chai yangu, ukala na vitumbua vya mama, tukaongea habari za watoto wako. Adhuhuri ikaadhiniwa nikasimama kuswali. Nikiwa nimesujudu, Raudha, nikiwa kwenye sijda! Wewe ukaichukua miwani dirishani na rimoti zake, ukatia ndani ya baibui, ukaenda zako. Nimetoa salamu kulia, nimetoa salamu kushoto, huko kushoto kuna mkeka mtupu. Mwalimu wa madrasa mzima!

Ungeniomba machoni ningekukatalia machoni, tukagombana kama watu. Hukutaka. Ukanichukulia kama mtoto anayenyang'anywa wembe.

Ile miwani ilikuwa mikononi mwa Badru kuliko mikononi mwangu. Kila jioni alikuwa anaifuta vioo kwa kitambaa cha shati lake. Nguo zake mmegawana, viatu kachukua baba mdogo, saa sijui anayo nani. Sikusema neno, ndiyo desturi. Hicho kimoja nilikishika.

Na kama unadhani umeninyamazisha, pole yako. Jana nimechukua mwiko wa ugali, nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikafumba macho, nikazipiga nyimbo zote, ya kwanza mpaka ya mwisho. Jukwaa lipo. Watu wapo. Vidonge navijua vinapotokea, sihitaji kuviona. Mama kasimama mlangoni kanitazama weee, halafu kasema, "Mwiko huo nauhitaji," akanipa mwingine wa zamani uliopasuka.

Njoo ubebe na mwiko basi.

Chausiku Kibwana


Madale,
Jumapili, 11 Agosti 2024

Chausiku,

Matusi yako nimeyapokea. Nimeyaweka.

Nilichofanya nimefanya kwa ajili yako. Kikao kimekaa Ukonga jana. Nilisema miwani ninayo mie, na kwamba ishu imekwisha. Baba mdogo akasema haijaisha, kwa sababu kuna maneno ulimtumia kwamba asipokuja asije. Nani alimfikishia sijui. Kwa hiyo sasa anataka umwombe radhi kwa maandishi, barua isomwe mbele ya wazee. Ukiandika, tutakuja wote, na mie nitakumwagia maji. Usipoandika, haji mtu, na mie nimo kwenye hao wasiokuja. Andika, Chausiku. Mistari miwili inatosha. Kuinama siyo kuvunjika.

Watoto wazima. Jamali mzima, hatuongei.

Raudha

Nilikuwa nasahau. Ile chaja ya miwani ilibaki huko kwenu. Niletee kwa mkono wa Jamali. Nasikia betri za vitu hivi zikikaa bila chaji zinavimba, na sitaki kesho useme nimekuharibia mali ya marehemu.


Charambe,
Jumanne, 13 Agosti 2024

Shikamoo wifi yangu mpenzi,

Leo nakupa shikamoo mbili, ya leo na ile niliyokunyima.

Chaja hiyo hapo, nimeifunga kwenye soksi. Lakini wifi, wewe ni mtu mzima. Mie hiyo miwani niliianika dirishani ikiwa imejaa chaji. Ikifungiwa kabatini bila kuguswa inakaa hata mwezi. Ili iishe, lazima mtu aiwashe. Na Jamali akimpa mama barua yako alimwambia, nami nikasikia, ukuta huu ni mwembamba: "Bintiyo siku hizi anajifungia chumbani baada ya adhuhuri, nasikia anakanyagakanyaga, nikigonga ananifukuza."

Haya. Mkanda wa nyuma ukaze, usije ukakudondoka. Usisimame karibu na kabati la vyombo. Vidonge usivikimbilie, vingoje vikufikie. Kila mtu anakosea hapo, anapiga kabla.

Barua ya radhi siandiki. Mistari miwili au neno moja, siandiki. Sikumkosea baba mdogo, na Mungu niliyemkosea hahitaji isomwe kikaoni.

Chausiku


Madale,
Jumatano, 21 Agosti 2024

Wifi yangu Chausiku,

Jamali nimemtuma mbali ili niandike bila kuulizwaulizwa.

Ndiyo. Nimevaa. Nilitaka nione ni kitu gani kinamfanya mjane wa mdogo wangu awe kichwa ngumu kiasi hiki. Ikazima katikati ya wimbo, ndipo nikatunga hiyo habari ya kuvimba betri.

Wamenizomea, Chausiku! Wimbo wa kwanza, wala siyo wa tatu. Vidonge vinapita huku na huku, mikono imekuwa mizito kama ya mtu anayesonga ugali wa harusi, na umati mzima unanizomea, mie mama wa watoto wanne ambaye darasani kwangu mtu hathubutu kukohoa. Na hapo hapo nikamwona Badru. Sisemi alikuwemo. Nimemkumbuka tu jinsi alivyokuwa tangu mdogo. Akianguka, akishindwa, alikuwa anajicheka mwenyewe kabla hujawahi kumcheka. Nikakaa sakafuni na hilo dude usoni, nikalia. Hiyo sponji yako nami nimeianika.

Sasa nikwambie kilichokuwa kinanikereketa. Siyo dini. Dini nilijificha tu nyuma yake.

Siku Badru alipokufa, mie nilipewa siku tatu. Dada hana eda. Nilimbeba mgongoni mama akiwa sokoni, nilimtafunia nyama, nilipigwa kwa makosa yake, nikapewa siku tatu, na hizo zote nilikuwa uani kwenye masufuria napikia waliokuja kumlilia. Mtu ananipa pole huku ananyoosha sahani. Ya nne nikapanda huku Madale, Jamali anauliza shati lake liko wapi. Nikalitafuta. Nikalipiga pasi. Darasa likaanza Jumatatu. Hakuna hata mmoja aliyekuja kukaa na mie, kwa sababu matanga yameisha na mie siyo mjane.

Wewe ukawekewa mkeka. Ukapewa mlango wa kufunga, na miezi minne na siku kumi, kazi yako ni moja tu, kumkumbuka Badru. Halafu nasikia unapiga gitaa! Nikasema huyu kapewa nilichonyimwa na anakichezea. Nilikuonea wivu, wifi. Nimemwonea wivu mjane, Mungu anisitiri. Ndiyo maana niliiba miwani. Sikutaka kukuokoa na baba mdogo wala nini. Nilitaka na wewe usiwe na pa kwenda.

Kumbe muda wote ulikuwa unalia.

Baba mdogo kapiga simu jana. Kwa kuwa hukuandika barua, kanikataza kuja. Kasema nikija, mie na wewe ni kitu kimoja na nisiende kwake tena. Nilinyamaza. Nina miaka arobaini na tisa na nilinyamaza kama nina saba. Sijui nitafanya nini, na sitakudanganya kwamba najua.

Raudha


Charambe,
Ijumaa, 23 Agosti 2024

Shikamoo wifi yangu,

Barua yako nimemsomea mama. Usikasirike, nilishindwa kuibeba peke yangu. Nilipofika pale pa sahani nikalia, bila miwani, bila mwiko, kwa sauti yote. Mtu akachungulia kusema nyamaza. Mama akamwambia toka. Halafu akakaa chini naye akalia, wifi, akawa anakutaja wewe, siyo Badru. Anasema, "Yule mwanangu nimempa masufuria."

Nisamehe na mie. Siku zile nilikuona uani unagawa wali, jicho kavu, nikasema moyoni huyu dada mtu ana roho ya jiwe. Nilikaa na neno hilo mpaka leo.

Sasa njoo. Usingoje siku ya maji, siku ya maji tutajua huko huko. Njoo sasa hivi. Mkeka ni mpana, na zimebaki siku kidogo, tukizigawana zitakutosha. Mie ndiye niliyekatazwa kutoka. Wewe hakuna aliyekukataza kuingia, ila baba mdogo, na baba mdogo hajawahi kukuuliza unamkumbukaje mdogo wako.

Lete na miwani. Haiwezekani binti Pazi akazomewa wimbo wa kwanza halafu akaacha.

Wifi yako,
Chausiku


Charambe,
Jumatatu, 2 Septemba 2024

Shikamoo Baba Mdogo,

Tunakuandikia wawili. Anayeshika kalamu ni Raudha, kwa sababu mwandiko wake unasomeka. Maneno ni ya wote, usimtafute mmoja wa kumlaumu.

Ujumbe wako tumeupata jana. Umesema Raudha kukaa humu ndani na mjane wiki nzima ni uzushi, kwa sababu dada mtu ana siku tatu. Siku tatu tunazijua, baba, na Raudha ndiye anayezifundisha. Hakai eda, yeye hakuolewa na Badru. Kaja kukaa na wifi yake na mama yake, na alipotaka kulia amelia. Kama kuna aya inayomkataza mtu hayo, ije, tutaisoma. Lakini ije aya, isije hasira.

Umeuliza pia kama Jamali karidhia. Jamali ndiye aliyemleta na Fuso, na godoro juu ya kokoto.

Barua ya radhi Chausiku hakuiandika na haandiki. Miwani ipo, tunaipokezana. Mama naye kaivaa Jumamosi. Kazomewa, akawazomea na yeye. Ndani ya nyumba hii tumelia kuliko tulivyolia siku ya mazishi, na tumecheka, na vyote viwili tumevifanya kwa sauti. Ukisikia mtaani kwamba nyumba ya marehemu ina kelele, ni kweli.

Unauliza nani atakuja kesho Chausiku akitoka eda, bila ruhusa yako. Hatujui. Flaviana atakuja, ni Mkristo na si ukoo, lakini kanunua doti ya kanga. Mama yupo. Pengine tutakuwa hao tu, na watu wa Charambe wamejaa ukutani kutazama ukoo wa Pazi uko wapi. Watazame. Chausiku anaogopa, na kesho saa mbili atatoka hivyo hivyo na hofu yake, akae kwenye kigoda katikati ya ua.

Raudha atammwagia maji, kata kwa kata, mbele ya kila mtu, kama wifi mkubwa anavyotakiwa. Akimaliza atampa Chausiku kata, atavua baibui, atakaa yeye kwenye hicho kigoda, na Chausiku atammwagia. Jambo hilo hujawahi kuliona, nasi hatujawahi. Halina jina bado. Lakini kuna watu wawili humu waliofiwa na Badru, na wote wawili watatoka wamelowa.

Kama una neno, njoo uliseme hapo hapo, maji yakiwa yanamwagika.

Wanao,
Raudha binti Pazi
Chausiku, mke wa Badru Pazi